Skwea Iliyoanguka

Jumatatu, tarehe tatu Novemba. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka tangu alfajiri, membamba, yasiyo na upepo, yale ambayo hayakulazimishi kukimbia lakini ukifika kazini unakuta shati limegandamana na mgongo. Fundi Unywele alifika karakanani kabla ya wote, kama ilivyokuwa desturi yake. Alifuta miguu kwenye gunia lililotandikwa mlangoni, akasali sala yake fupi mbele ya meza yake ya kazi, kisha akafungua kabati.

Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Watu walimwita Unywele kwa sababu ya neno lake. Kipande cha chuma kikipotoka kwa unene wa unywele mmoja, kwake kimepotoka, hakuna mjadala. "Pampu haina huruma," alipenda kusema. Karakana ile ilitengeneza na kukarabati pampu za maji, na pampu iliyofungwa kwa kukisia hula beringi zake kabla mwezi haujaandama mara ya pili.

Alitoa sanduku dogo la mbao, na ndani yake, katika kitambaa cha flana, ilikuwamo skwea: kipimo cha chuma chenye mikono miwili iliyokutana kwa pembe mraba. Aliirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Kwa shughuli za kila siku zilikuwapo skwea nne zilizoning'inia ukutani. Hii ilitolewa wiki moja tu kwa mwaka, wiki ya Mfuko.

Mfuko wenyewe ulikuwa hivi. Wafanyakazi wote wa karakana, kuanzia meneja hadi mama anayefagia, walikatwa kidogo katika mshahara wa kila mwezi, na makato hayo yalisomesha uhandisi chuo kikuu. Kila mwaka aliingia mwanafunzi mmoja, akalipiwa ada, malazi na vitabu mpaka amalize. Walioomba walikuwa na vyeti vizuri wote, kwa hiyo mwanzilishi wa karakana, sasa marehemu, aliweka sharti ambalo halikuandikwa popote lakini lilifuatwa kuliko yote yaliyoandikwa. Mwombaji alipewa kipande cha chuma na tupa siku ya Jumatatu, akisugue kwa mkono, na ikifika Ijumaa kiwe mraba pande zote sita. "Mhandisi ambaye hajawahi kutoka malengelenge," marehemu alisema, "atachora vitu ambavyo mikono ya watu haiwezi kuvitengeneza."

Ijumaa saa nane mchana watu wote walisimama, na Fundi Unywele akaegesha skwea kwenye kila kipande na kukiinua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya kati ya skwea na chuma, mwombaji amekwenda na maji. Usipopenya, amepata elimu.

Jumatatu hiyo waombaji wa mwaka walikuwa wanne, na sauti za tupa zao zilishaanza kukereza upande wa pili wa karakana. Fundi Unywele aliipaka skwea mafuta, akaifuta, akaitazama. Ndipo likamjia wazo la kitoto kidogo: leo jioni aende nayo darasani akawaoneshe.

Kwa maana Fundi Unywele, akiwa na miaka hamsini na tisa, alikuwa mwanafunzi. Aliacha shule akiwa mdogo, na tangu Machi alikuwa akisoma masomo ya jioni ili apate cheti chake cha sekondari. "Hata kama ni cha kuzikwa nacho," alimwambia mkewe. Juni ijayo alitarajia kustaafu, na alimwahidi Mungu kwamba hatastaafu akiwa mjinga wa hesabu.

Darasa lilikuwa katika shule ya watoto, kuanzia saa kumi na moja jioni. Madawati yalikuwa mafupi na magoti yake yaligonga ubao kila alipojisogeza. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, miongoni mwao dereva wa lori aliyesinzia tangu kuita majina, muuguzi msaidizi, na msusi mwenye mdomo usio na breki. Mwalimu alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake.

"Chukueni bikari," mwalimu alisema. "Leo tunasimamisha mstari wima juu ya mwenzake."

Walichora. Penseli ya Fundi Unywele ilichongoka kama sindano, na alipomaliza kabla ya wengine alifunua flana yake kwa madaha.

"Hiyo nini, mzee wetu?" msusi aliuliza. "Umetuletea chakula?"

"Chakula cha akili, mwanangu. Skwea hii imenizidi umri. Mwalimu akiniruhusu, nitasahihisha darasa zima."

"Ruhusa unayo, mzee," mwalimu alicheka.

Alianza na daftari la msusi. Aliegesha skwea, akainama hadi pua ikakaribia karatasi. "Mstari wako umelala, binti."

"Umelala? Na hata sijaubembeleza!"

Darasa likaangua kicheko. Akaenda kwa muuguzi, mstari umelala. Akaenda kwa dereva, umelala. Yote ilikuwa imelala upande mmoja, kwa kiasi kile kile, unene wa uzi wa kushonea.

"Jamani, darasa zima tumelalia kushoto," msusi alisema, "kama abiria gari likikata kona. Na wewe jipime, mzee. Au mwenye mizani hapimwi?"

Alijipima. Mstari wake mwenyewe, alioufanya kwa penseli ya sindano na kwa sala ya moyoni, ulilala vile vile.

Dereva alifumbua jicho moja. "Mzee wangu, magari kumi yakikuwashia taa njiani, shuka uangalie gari lako."

Walicheka tena, ila mwalimu hakucheka. Alikuja akasimama karibu na dawati. "Babu," alisema polepole, "kuna njia ya kuipima yenyewe."

"Naijua, mwalimu. Nimewafundisha vijana kwa miaka thelathini."

Alilaza mkono mfupi wa skwea ukingoni mwa daftari, akachora mstari. Akaigeuza skwea upande wa pili, akaanzia pale pale, akachora tena. Skwea nzima huchora mstari mmoja mara mbili. Hii ilichora miwili. Ilianza pamoja chini, ikapanda ikiachana, kama watu waliogombana katikati ya safari.

Alilifunga daftari. Wenzake walidhani anasikitikia chombo cha urithi. Muuguzi hata alimpa pole. Hawakujua kwamba kichwani mwake alikuwa anamwona binti mmoja amesimama mbele ya dirisha.

Ilikuwa mwaka uliotangulia, wiki ya Mfuko, siku ya Jumatano. Alikuwa anasali mezani kwake, macho yamefumbwa, akimwomba Mungu amwongoze mkono katika kuchagua. Kiwiko kikagusa sanduku lililokuwa wazi. Skwea ilianguka kwenye sakafu ya saruji na kulia kama kengele. Aliiokota, akaigeuzageuza, hakuona ufa wala kovu. "Asante Mungu," alisema, akaifunga katika flana.

Kanuni aliijua. Skwea ikianguka haipimi kitu mpaka ipimwe yenyewe. Vijana waliopuuza hilo aliwahi kuwafukuza mezani. Lakini alikuwa ameshashukuru. Kuipima baada ya kushukuru, alijiambia, ni kama kumwomba Mungu risiti. Basi akaiacha.

Alhamisi yake kijana mmoja wa waombaji, aliyekuwa akisali naye nyumba moja ya ibada, alimjia taratibu. "Baba, niangalizie kidogo tu kabla ya kesho." Haikuwa haki, lakini kijana alikuwa na adabu na sauti nzuri ya kuimba. Alimruhusu ajaribu kipande chake kwenye skwea ile. Kijana aliona mwanga, akarudi akasugua mpaka mwanga ukaisha. Kwa maneno mengine, alichukua kipande kilichokuwa sawa akakipotosha mpaka kikafanana na kipimo kilichopotoka.

Ijumaa ilipofika, kipande cha kijana hakikupenyeza kitu. Kikafuata kipande cha binti wa mama mfagiaji. Fundi Unywele alikiinua dirishani, na mwanga ukaingia, mwembamba, mweupe.

"Mwanga," alitangaza.

Binti hakusogea. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa plasta. "Samahani, mzee. Nimekipima kwa skwea zote nne za ukutani, zimekubali. Naomba ukipime kwa mojawapo."

Watu waliguna. Fundi Unywele alihisi damu ikimpanda masikioni. "Binti," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mashine za mwisho, "skwea hii ilianza kupima kabla mama yako hajazaliwa. Tena nimeomba wiki nzima Mungu aoneshe anayemtaka. Ameonesha."

"Amina," watu waliitikia. Mama mfagiaji alikuwa amesimama nyuma, fagio mkononi. Midomo yake ilicheza pia.

*

Jumanne saa ya chakula cha mchana Fundi Unywele hakula. Alitembea hadi duka la vifaa vya ujenzi, mitaa mitatu kutoka karakanani, ambako alisikia binti ameajiriwa. Alimkuta kaunta, anapima waya kwa kuunyoosha kando ya mita ya ukutani.

"Karibu. Misumari au..." Akamtambua. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kununua."

"Basi sogea kidogo, kuna mteja."

Alisogea. Fundi bomba mmoja alitaka kiungio, akapewa, akakirudisha akidai hakiingii. Binti alikitazama mara moja. "Hicho meno yake ni ya kushoto, kaka. Bomba lako ni la kulia. Hata ukilitukana halitaingia." Fundi bomba akacheka, akabadilishiwa, akalipa, akaondoka. Fundi Unywele alibaki amesimama kati ya ndoo za rangi, kofia mkononi, kama mtu anayengoja kuhukumiwa katika mahakama inayouza bawaba.

"Skwea yangu ilikuwa imeharibika," alisema hatimaye. "Ilianguka Jumatano ile, nisiipime. Nimegundua jana."

Binti aliendelea kukunja waya. Duara moja, mbili, tatu. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Uso wa kipande kile nilikuwa naujua kuliko uso wangu."

"Sasa kwa nini hukusema, mwanangu?"

Ndipo alipoinua macho. "Nilisema, mzee."

Nje lori lilipita, makopo ya rangi yakatetemeka rafuni.

"Chuo waliniwekea nafasi mpaka Januari," binti alisema, sasa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei. "Nilizunguka kila ofisi yenye kibao nikitafuta wa kunilipia ada. Mmoja akaniambia nirudi na barua ya mtu wa karakana, athibitishe kwamba naweza kazi. Nikaona aibu kuja kwako. Januari wakampa mtu mwingine. Wanakubali uombe upya, lakini kuomba si ada."

"Kipande kiko wapi?"

"Muulize mama. Mimi sikitaki."

Jioni hiyo alimwarifu mwalimu kwamba hatahudhuria, akachukua skwea mbili za ukutani, akaenda kwa mama mfagiaji. Kilikuwa chumba kimoja, pazia katikati, kila kitu kimepangwa kwa mkono wa mtu anayefanya usafi kwa mshahara na bado anaupenda. Kipande kilikuwa sakafuni, kimezuia mlango usijifunge. Kilianza kuota kutu kwenye kona.

"Karibu kiti, baba," mama alisema. Walifanya kazi jengo moja kwa miaka kumi na moja, na hakuwahi kumwita vinginevyo.

Hakuketi. Alipiga goti, akakifuta kwa leso, akaegesha skwea ya kwanza, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Giza. Akageuza upande. Giza. Pande zote sita, kwa skwea zote mbili, na alipenda auone mwanga hata mara moja, hata kidogo, apate pa kushika. Hapakuwa na pa kushika. Katika miaka yote ya Mfuko hakuwahi kuona kipande safi kuliko kile.

"Ni kizuri?" mama aliuliza.

"Ni kizuri, dada."

Mama aliketi kitandani. "Mimi chuma sikijui. Kazi yangu ni kufagia mnachokikata. Ijumaa ile mlipotawanyika, nilifagia unga wa tupa wa mwanangu. Ulikuwa mwingi, baba. Nikasema moyoni, kumbe mtu anaweza kuchoka hivi na Mungu akamkataa." Alinyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi. "Tangu siku hiyo mwanangu hasali na mimi. Hanikatazi. Anangoja nimalize, ndipo arudi chumbani."

Neno hilo ndilo lililomvunja Fundi Unywele. Alidhani amemnyang'anya binti ada na mwaka mzima wa masomo, na hilo lilimtosha kukosa usingizi. Kumbe alimnyang'anya kitu kingine ambacho Mfuko haukuwa nacho wala yeye hakuwa nacho. Alikuwa amechukua kiwiko chake, na sakafu ya saruji, na kiburi chake, akavibandika jina la Mungu.

*

Alhamisi alimweleza mwenyekiti wa Mfuko, fundi wa kereza, mtu mwenye tumbo na busara zake. Mwenyekiti alizima mashine kwanza.

"Kaka, liache lilale."

"Haliwezi kulala."

"Sikiliza. Kijana anasoma vizuri, matokeo yake yamekuja juzi. Tumfukuze? Kosa si lake. Na Mfuko unaingiza mtu mmoja kwa mwaka. Tukimpa binti nafasi ya mwaka huu, hawa wanne wanaochubuka mikono pale, mmoja wao tunamfanyia yale yale. Halafu wataibuka wa miaka ya nyuma, kila aliyekataliwa atasema skwea ilikuwa mbovu."

"Miaka ya nyuma skwea ilikuwa haijaanguka."

"Nani atakuamini? Umebakiza miezi saba ustaafu na heshima zako. Tutakupigia makofi, tutakupa saa ya ukutani. Unataka kubadilisha saa na matusi?"

"Saa ninayo," Fundi Unywele alisema.

Nyumbani, wakinywa chai baada ya darasa la jioni, alimweleza mkewe yote, pamoja na uamuzi aliofikia. Mkewe alisikiliza huku akichambua mchele, vidole havikusimama. Walikuwa wamepanga kuhamia kwenye nyumba yao ndogo mwezi Juni, ile waliyoijenga tofali kwa tofali. Mkewe alikuwa ameshachagua upande wa kufugia kuku.

"Magoti yako je?" aliuliza.

"Yataniuma kazini badala ya kuniuma nyumbani."

"Na kuku wangu?"

"Kuku wako watangoja, mama watoto. Kuku hawana mpango wa kustaafu."

Hakucheka. Aliokota jiwe dogo kwenye sinia akalitupa nje. "Umeomba?"

"Nimeomba. Safari hii nilipima kwanza."

Mkewe alisukuma sinia pembeni. "Mficha uchi hazai. Nenda kaseme. Lakini useme mbele ya watu, usije ukanong'ona huko ofisini halafu mambo yakageuka. Na mimi nitakuwepo."

*

Ijumaa saa nane mchana mashine zilizimwa. Watu walisimama katika nusu duara, waombaji wanne mbele, vipande vyao juu ya meza kwenye kitambaa cheupe. Kwenye ukingo wa meza, mbali kidogo na vingine, kilikuwapo kipande cha tano chenye kona ya kutu. Mkewe alikuwa mlangoni. Mama mfagiaji alikuwa mahali pake pa siku zote, nyuma. Binti alikuja kwa kuitwa na mama yake. Bado alivaa aproni ya dukani, na uso wake ulisema ameomba ruhusa ya nusu saa tu.

Fundi Unywele hakufungua sanduku. Alisema mambo kama yalivyokuwa, kuanguka, kushukuru, kutopima. Alisema pia habari ya Alhamisi ile, kwamba alimruhusu kijana mmoja ajaribu kipande chake, ingawa mwenyekiti alimkodolea macho aruke hapo. Alipofika kwenye maneno aliyomwambia binti, aliyarudia yote, pamoja na lile la kabla mama yako hajazaliwa.

"Mwongo!" fundi mmoja wa kuchomelea alisema kutoka pembeni, kisha akajisahihisha kwa aibu. "Sikumaanisha wewe, mzee. Namaanisha... basi, hiyo skwea."

"Skwea haina mdomo," Fundi Unywele alijibu. "Mwenye mdomo ni mimi."

Mwenyekiti mwenyewe alizishusha skwea nne za ukutani. Kipande cha tano kilipimwa kwa ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kikapita mkononi mwa kila aliyetaka kukiangalia, na kila mmoja alikiinua dirishani. Hata waombaji wanne walikishika. Mmoja wao alikitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama cha kwake mezani, akajikuna shingo.

Baada ya hapo mwenyekiti alitaja yanayojulikana. Mfuko una nafasi moja, na nafasi hiyo ni ya hawa wanne. Kijana wa mwaka jana anaendelea na masomo. "Kwa hiyo, binti yetu," alimalizia bila raha, "tunachoweza kukupa leo ni barua. Tutaandika kwamba ulifaulu."

"Barua," binti alirudia.

"Ndiyo maana nilitaka watu wakusanyike," Fundi Unywele alisema. "Leo asubuhi nimeonana na meneja. Nilikuwa nistaafu Juni. Sitastaafu."

Minong'ono ilizuka. Alingoja itulie, akamgeukia binti. "Sikuombi unisamehe. Nataka kulipa yale ambayo Mfuko ungelipa. Ukiniruhusu."

Binti alikitazama kipande chake mkononi mwa mtu wa mwisho kukishika. Kisha akatazama kule nyuma, kwa mama yake.

"Ada nitapokea," alisema. "Niliifanyia kazi. Kukusamehe, mzee, sijui. Labda itakuja, labda haitakuja, usiningojee." Alimgeukia tena. "Lakini kuna kitu kingine. Ulisema Mungu amenikataa. Mama yangu aliitikia amina. Mwaka mzima ameishi na amina hiyo. Iondoe."

"Mwanangu," mama alisema kutoka nyuma, kwa upole wa kumzuia.

"Aiondoe, mama. Aliisema kwa sauti."

Watu walimtazama Fundi Unywele. Alivua kofia. Magoti yalikuwa yanamuuma kwa kusimama, na mikono, iliyozoea kushika kitu siku zote, haikujua iwekwe wapi. Mkewe alisogea hatua moja ndani ya mlango, akasimama anapoonekana. Fundi Unywele alimwita mama mfagiaji aje mbele, na watu wakampisha, naye akaja na fagio lake kwa sababu alisahau kuliweka chini.

"Dada yangu, na wewe mwanangu, na nyinyi nyote mnaonisikia," alisema Fundi Unywele, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mashine za mwisho. "Mungu hakumkataa binti huyu. Ni mimi niliyemkataa, kwa kipimo kibovu na kiburi kizima, na nikamsingizia Mungu. Naahidi mbele yenu: nitasimama kwenye meza hii mpaka siku atakapomaliza chuo, na kila muhula ada yake, malazi yake na vitabu vyake vitatoka katika mshahara wangu kabla ya chakula changu. Nikishindwa, mke wangu yule pale, mwenyekiti huyu hapa, mnidai. Na naahidi, maadamu ninaishi, sitatamka tena kwamba Mungu amechagua, mahali ambapo ni mimi niliyechagua."